Gari la 4WD lililotumika: namna ya kulichagua kwa familia, tela na njia mbaya ukiwa Tanga

Hapa Tanga gari moja hufanyishwa kazi tatu. Jumamosi alfajiri linarudi kinyumenyume kuelekea majini Sahare, tela la boti likiwa nyuma. Wiki inayofuata limebeba watoto, bibi yao na gunia la mchele, linapanda Lushoto. Masika ikiingia linatakiwa lifike Amani kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda. Gari la kazi moja kati ya hizo halina shida kupatikana. La kazi zote tatu, tena lililokwisha kutembea miaka 15 au 20, linataka mnunuzi aliyetulia.

La kwanza nililinunua kwa kuangalia bodi: rangi inang'aa, viti vya ngozi, redio kubwa. Siku ya pili ya Idi tulikuwa watu saba ndani na mizigo juu ya keria, na kabla hatujafika Soni mshale wa joto ukapanda. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilikuwa imepasuka, na fundi aliyeifungua aliniambia ufa ule ulikuwa wa zamani, ulikuwepo kabla sijalipia. Watoto walilala Mombo kwa watu tusiowajua, Mungu awalipe. Tangu siku hiyo nikitafuta gari, langu au la ndugu, nataka kwanza kujua mambo mawili: chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ina hali gani, na maji ya injini yanakwenda wapi. Jina la gari linafuata baadaye.

Anza na karatasi kabla ya dalali

Andika njia unazopita kweli kwa mwaka mzima. Mombo hadi Lushoto ni lami, kama kilomita 33, lakini inakutoa mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400. Pale adui ni joto: la injini ukipanda, la breki ukishuka. Muheza hadi Amani ni mwinuko na utelezi. Ukielekea Saadani wakati wa mvua unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaoganda kwenye tairi mpaka kashata zote, yale meno ya tairi, zinajaa. Pale gari zito lenye tairi za lami linakwama hata likiwa na 4WD, yaani linavuta magurudumu yote manne. Fukwe za Pangani ni mchanga. Njia za ndani kuelekea Mlalo na Mtae ni nyembamba, zenye korongo pembeni, na gari pana linakuwa mzigo kwa dereva. Mtu wa Raskazone anayekwenda Dar kila mwezi na kuingia porini mara mbili kwa mwaka asinunue gari la mtu mwenye shamba Kilindi.

Halafu andika uzito. Watu wengi huruka hapa, na ndipo gari linapouliwa. Chukua boti ya faiba ya kilo 400, mashine kilo 100, lita 50 za petroli ambazo ni kama kilo 37, nanga, kamba, majaketi na barafu kilo 60, na tela lenyewe kilo 250. Jumla kilo 847. Nchi nyingi zimeweka kilo 750 kuwa kikomo cha tela lisilo na breki zake, kwa sababu zaidi ya hapo tela huanza kulisukuma gari kwenye mteremko. Kwa hiyo boti hiyo ndogo tayari inataka tela lenye breki, au uipunguzie vitu.

Sasa ndani ya gari. Watu wazima watatu na watoto wanne ni kama kilo 330, mabegi na chakula 100. Tela lililopakiwa vizuri linakandamiza ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani 85 nyingine. Umefika kilo 515. Gari lililotoka Japani lina cheti cha kusafirishia nje kinachoonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa jumla, ila Wajapani humhesabu kila abiria kilo 55. Gari la viti 8 basi litaandikiwa tofauti ya kilo 440 tu. Hesabu hiyo ni ya watu peke yao: haina gunia wala keria ya chuma, na mkandamizo wa tela haumo. Ukishaielewa karatasi hiyo hutashangaa kwa nini sipringi za nyuma za magari mengi hapa mjini zimelala.

4WD ya aina gani

Ziko aina tatu, na wauzaji huzichanganya.

Ya kwanza ni ile inayovuta nyuma peke yake mpaka uingize 4WD kwa wenzo: Land Cruiser mfululizo wa 70, ambayo wengi tunaiita Mkonga, Nissan Patrol, Hilux, Jimny. Ni imara na rahisi kutengeneza. Usiiweke H4, ile 4WD ya mwendo wa kawaida, kwenye lami kavu, kwa kuwa magurudumu ya mbele na nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na nguvu inayokosa pa kutokea inavunja gia za transfa, boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Ya pili inavuta magurudumu yote muda wote, ikiwa na difu ya kati (gia zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yasizunguke sawa) unayoweza kuifunga: Prado za mfululizo wa 90 na 120, Land Cruiser 80 na 100 nyingi, Escudo nyingi za kuanzia 2005. Kwa familia hii ndiyo ninayoipenda. Barabara ya Segera wakati wa mvua inashika vizuri bila dereva kugusa kitu, na ukifika kwenye matope unafunga difu.

Ya tatu ni RAV4, Harrier, Kluger, X-Trail. Ni magari mazuri ya familia, yanapita mchanga mwepesi na vumbi la Mkinga. Hayana gia nzito, ile L4. Bila L4 kurudisha tela la kilo 800 kwenye mteremko wa ufukweni ni kuichosha gia boksi, na kushuka Amani kwenye utelezi ni kutegemea breki tupu. Kama huna tela na huingii milimani masika, chukua hili, utaokoa mafuta. Kama vyote viwili unavyo, liache.

Majina na injini

Prado 90, iliyotengenezwa 1996 hadi 2002, inapatikana kwa bei ya kati, na spea zipo hadi Korogwe. Injini yake ya dizeli 1KZ-TE, ambayo ipo pia kwenye Hilux Surf, ina nguvu ya kuvuta, lakini hedi yake ni ya alumini na ikichemka mara moja huelekea kupasuka. Haimaanishi uikimbie. Inamaanisha rejeta, feni na historia ya maji ndivyo unavyonunua. Petroli ya 2.7 haina tatizo hilo na haina mkanda wa taimingi, inatumia cheni, ila ukiifungia tela la boti kupanda Soni utakuwa gia ya pili muda mrefu na mafuta yatakwenda.

Prado 120, ya 2002 hadi 2009, ni pana zaidi na tulivu. Dizeli yake 1KD-FTV inavuta tela vizuri kuliko zote ninazozitaja kwa bei hiyo, lakini nozeli zake, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, ni ghali na hazivumilii dizeli chafu. Zikianza kuvuja zinaweza kutoboa pistoni. Injini ikigonga kwa sauti kali asubuhi ikiwa ya baridi, mpe fundi wa kompyuta asome kila nozeli kabla hujatoa shilingi.

Mkonga na 1HZ yake ya 4.2 isiyo na turbo ni injini ninayoiheshimu. Haina haraka, haina kompyuta ya kusumbua, na fundi wa Handeni anaifungua akiwa chini ya mwembe. Lakini mabenchi ya nyuma yanayotazamana si mahali pa mtoto kwenye safari ya saa sita. Kwa familia tafuta yenye viti vinavyotazama mbele na mikanda.

Patrol yenye TD42 ni ngumu kama mninga. Yenye ZD30 ya miaka ya mwanzo ina sifa ya kuharibu pistoni, mimi naiacha. Land Cruiser 100 ya petroli 4.7 inavuta chochote, ila kwa lita moja usitarajie zaidi ya kilomita 5 au 6. Escudo na Grand Vitara 2.0 zenye L4 zinafaa sana kwa familia ya watu wanne na tela dogo la kilo 500, na wengi wanazidharau bure. Jimny inapita kuliko zote, lakini haibebi familia.

Chini ya gari

Nenda asubuhi, nenda na nguo za kuchafuka, tochi, bisibisi ya bapa na kipande cha boksi cha kulalia. Muuzaji akikwambia gari limeoshwa chini kwa ajili yako, ujue una kazi zaidi.

Magari ya pwani hayafi kwa kilomita, yanakufa kwa chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha, sembuse gari lililokuwa likiingiza tela majini kila wiki. Kutu hiyo huanzia ndani ya chesisi, kwa sababu mabomba yale ya mraba yana matundu, maji ya chumvi huingia na mchanga huzuia yasitoke. Nje unaona rangi, ndani kumebaki karatasi.

Anzia nyuma. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, ukitoka kwenye bampa kwenda mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye unga. Tulia juu ya ekseli ya nyuma, kwenye viungio vya mikono ya sipringi, na kwenye boriti ya mwisho ambako ndoano ya tela inafungwa. Hapo ndipo matope hukaa na ndipo nguvu yote ya tela inavutia. Bisibisi ikizama, ondoka. Usikubali habari ya kuchomelea bati: chesisi iliyobandikwa kiraka karibu na ndoano siwezi kumfungia mtoto wangu nyuma yake.

Rangi nyeusi mpya ya lami iliyopakwa chini yote ni sababu ya kukwangua. Mwenye gari mwaminifu hakatai ukwangue sehemu tatu ndogo. Fuata mabomba ya breki kwa kidole, hasa yanapopita juu ya tangi la mafuta. Angalia bushi na vishikizo vinavyokalisha bodi juu ya chesisi. Na usidhani gari la moja kwa moja kutoka Japani limepona: kaskazini kwao barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na nimeona yaliyokuja na kutu mbaya kuliko ya Tongoni.

Ukiwa bado chini, shika propela, ile shafti ndefu iendayo kwenye difu, uizungushe kulia na kushoto. Iwe na mchezo mdogo tu. Tazama mipira ya ekseli za mbele kama imechanika. Kwa Mkonga, Land Cruiser 80 na Patrol, angalia vifundo vya magurudumu ya mbele: grisi iliyoyeyuka kama uji ikichuruzika maana yake sili zimekwisha na oili ya difu imeingia. Mwisho fungua nati ya kujazia oili ya difu ya nyuma, chovya kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, difu imekunywa maji. Kama ni ya bahari, beringi zake zina siku chache.

Maji na oili

Mpigie muuzaji jana yake umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa na moto, amelipasha kwa sababu, panga siku nyingine.

Injini ikiwa ya baridi fungua rejeta. Maji yawe yamejaa hadi shingoni, yenye rangi ya kulanti (dawa ya kupoozea injini), kijani au nyekundu. Maji ya bomba yenye kutu yanakueleza gari limekuwa likiongezwa maji njiani. Utando wa mafuta juu yake, au ute wa maziwa chini ya mfuniko wa oili, ni gasketi au hedi. Washa gari mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo si kitu. Yakiendelea kutoka kama chungu kinachotokota wakati maji bado ni ya baridi, huo ni moshi wa silinda unaopenya. Funga, acha liungurume dakika ishirini, kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa mgumu kama jiwe mapema kupita kiasi, moshi wa silinda unapenya kwenye maji.

Moshi wa ekzosi: mweusi kidogo ukikanyaga dizeli ya zamani unavumilika, wa bluu ni oili inaungua, mweupe wenye harufu tamu usioisha ni kulanti inaungua. Kwa gia za kujiendesha chomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Oili iwe nyekundu na safi. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, gari limevuta mizigo bila kupoozwa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Dizeli nyingi za Toyota nilizozitaja, hata 1HZ, zina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Asiyekuwa na risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa na upunguze bei.

Kilomita kwenye dashibodi sizipi uzito. Usukani uliolainika, pedali iliyolika hadi chuma na kiti cha dereva kilichobonyea vinasema zaidi.

Liendeshe

Lami kwanza. Kwenye mwendo wa 80 achia usukani kidogo, lisivute upande. Funga breki kwa nguvu mahali salama. Kwenye uwanja kata kona hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio wa tak-tak mbele ni jointi za ekseli.

Halafu tafuta nyasi au mchanga. Kiwanja chochote cha Mwarongo kinatosha. Ingiza H4, au funga difu ya kati, kisha kata kona kali taratibu. Gari likakamae na kutaka kusimama. Lisipokakamaa, 4WD haijaingia hata kama taa inawaka, na nimeshaona taa zinazowaka bila kazi. Fungua: likate kona jepesi. Ingiza L4 gari likiwa limesimama, gia iwe nyutro, shuka kwenye tuta bila kugusa breki. Injini ilishikilie. Mkonga wenye vifungio vya kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele, shuka uvigeuze mwenyewe kwenye LOCK; vilivyoganda kwa kutu ni vingi.

Soma tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Jua letu huzikausha, na zaidi ya miaka sita sizipandishi Soni. Kwa gari linalovuta magurudumu yote, tairi zote nne ziwe saizi moja na kulika kwa kulingana, la sivyo difu ya kati inasagika safari nzima.

Mwisho mketishe mtoto mstari wa tatu. Magoti yana nafasi? Mkanda unavutika na kufunga? Mstari huo ukiwa umesimama, begi linabaki wapi? Nilimwona shemeji yangu akinunua gari la viti 7, na kila safari mabegi yanakaa juu ya watoto.

Ndoano

Ndoano ifungwe kwenye chesisi kwa boliti pande zote mbili. Iliyochomelewa kwenye bampa ikatwe. Kipenyo cha mpira kiendane na kikombe cha tela, kwa kawaida milimita 50. Taa za tela ziwe na soketi ya kweli; nyaya zilizosokotwa na kufungwa gundi ndizo zinazounguza fyuzi za breki usiku Kabuku. Kwa gari la gia za kujiendesha, ongeza kipoozeo cha oili ya gia boksi kabla ya safari ya kwanza ya mlima, na ukivuta tela bonyeza kitufe cha O/D OFF gari lisipande gia ya mwisho na kushuka kila dakika.

Makaratasi

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na iliyo kwenye kadi halisi. Pitisha kidole juu yake. Chuma kilichosagwa kina ulaini usio wa kawaida. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, na kitambulisho chake cha NIDA kiwe mkononi mwako. Kadi ikiwa "ipo kwa ndugu Dar", subiri ifike, inawezekana imewekwa rehani. Angalia faini kwenye mfumo wa Polisi wa usalama barabarani kwa namba ya gari. Andikishaneni mbele ya wakili, lipa benki, kisha mwende TRA kuhamisha umiliki siku hiyo hiyo au kesho yake. Gari linalobaki kwa jina la mwenyewe wa zamani litakupa taabu siku ya ajali au ya msiba wake.

Mwezi wa kwanza

Weka kando fedha ya kubadilisha oili ya injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili, kulanti, filta ya dizeli, na mkanda wa taimingi kama hauna risiti. Usisubiri liseme.

Kila ukitoka kushusha boti, osha chini kwa maji baridi ya kisima au bomba, hasa ndani ya matundu ya chesisi. Kabla ya kuingiza tela majini subiri robo saa beringi zipoe: kitovu cha gurudumu kikiwa cha moto na kuzama ghafla kinavuta maji ya chumvi kupitia sili. Kwenye mchanga punguza upepo hadi psi 18, na utembee na pampu ya kurudishia.

Safari ya kwanza ya mlima fanya bila watoto, tela likiwa na nusu ya mzigo. Panda kutoka Mombo kwa gia ya chini, jicho kwenye mshale. Soni simama kabla ya soko. Fungua boneti usikilize, chungulia chini kama kuna tone, kisha gusa vitovu vya tela kwa mgongo wa mkono. Vikiwa na joto unaloweza kulivumilia hadi ukahesabu kumi, endelea Lushoto. Kushuka, tumia gia ile ile uliyopandia.